Bei ya Povu

Katika baraza moja ya hapa Mjini, jioni ya kahawa, kulizuka mjadala ambao haujanitoka kichwani hadi leo. Mmoja wetu, mtu wa hesabu, alisema kuwa anayetoa shilingi elfu kumi na tano kwa kipande cha sabuni iliyotengenezwa kwa mikono, ilhali ya dukani haifiki hata elfu tatu, ama amezidiwa na fedha ama amepungukiwa na akili. Mwingine akamjibu kwa ukali kwamba sabuni ya mkono ina roho, na ya mashine ni maiti. Wote wawili wakapigiwa makofi. Mimi nilinyamaza, wala si kwa hekima. Nyumbani kwangu, juu ya meza, palikuwa na karatasi ya sabuni ya namna hiyohiyo ikinisubiri niifasiri kwa ujira. Leo nasema niliyoyanyamazia: wote wawili walikosea, na kosa la yule wa pili ndilo lenye madhara zaidi.

Sabuni, kama jina lake tulilolipokea kwa Waarabu, ni kitu cha zamani kisichokuwa na siri. Ni mafuta na kostiki vikikutana majini kwa kipimo. Kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka kostiki gramu 183 hivi. Kilo ya mawese hutaka gramu 141 hivi. Kipimo kikiwa sawa, kostiki yote huisha ndani ya mafuta, na kinachobaki ni sabuni na glisirini. Viwanda vikubwa aghalabu huitoa glisirini ile na kuiuza kando. Apikaye kwa mkono huiacha ndani, na ngozi kavu huona nafuu. Hilo mtu wa hesabu alistahili kulijua kabla ya kumtukana mnunuzi. Lakini anayenunua usafi, kipande cha sabuni ya mche humtosha, kwani uchafu hauulizi bei. Na anayenunua dawa, maana nimesoma vikaratasi vinavyoahidi kufuta madoa, makunyanzi na hata uzee, huyo ananunua maneno. Sabuni hukaa mwilini kwa dakika moja, kisha ikafuata maji.

Maneno ndiyo biashara yangu, na hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Karatasi niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, nami nilitakiwa niitie Kiswahili chenye ladha ya ushairi, ili mgeni akione chini ya lugha yake apendezwe nacho. Ilidai kwamba sabuni ile ya asali na nta ni siri ya kale iliyobebwa na misafara kutoka bara hadi pwani. Nikauliza inapikwa wapi. Nikaambiwa: Tabora huko, mahali paitwapo Choma.

Nina binti aliyeolewa wilaya ya Igunga, na Choma imo wilayani humo. Kiangazi kilichopita nikaenda.

Siri sikuiona. Niliwaona akina mama saba nyuma ya nyumba ya udongo, wamevaa glavu na kujifunga kanga puani, wakikoroga kwa mwiko ndani ya ndoo za plastiki. Sufuria ya alumini haifai, kostiki huila. Mawese yao hutoka Kigoma na kupanda treni hadi Tabora. Asali na nta hutoka katika misitu ya miombo ambayo mkoa ule umejaaliwa. Maji ya kisima chao ni magumu, sabuni nyingi hukatika ndani yake kama maziwa yaliyoganda. Kwa hiyo wakipata mafuta ya nazi kutoka kwetu pwani huongeza kidogo, maana sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji ya bahari. Walikoroga mpaka ukawa kama uji mzito, wakaumimina katika sanduku la mbao, wakalifunika blanketi kama mtoto mwenye homa. Kesho yake wakakata. Tangu hapo vipande hukaa rafuni wiki nne hadi sita vikikauka, na muda wote huo fedha zao zimelala pale pamoja navyo. Niliwauliza ujuzi waliupata wapi. Wakasema, katika mafunzo ya siku tatu, na yaliyobaki wamejifunza kwa kuharibu. Hapo nikawapenda, kwani nami ushairi sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa kuharibu.

Sasa hiyo misafara. Njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji, kupitia Unyanyembe, ilibebesha watu pembe za ndovu, majora ya amerikani na shanga. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwa miezi, mzigo begani. Wengine waliikanyaga wamefungwa, na katika hao walikuwamo walioishia katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873. Njia hiyo leo tuipake marashi, tuifunge utepe, tuipeleke bafuni kwa mgeni kama hadithi ya kulalia? Mtu wa roho na maiti atuambie roho anayoisikia katika povu ni ya nani.

Tena wa rika langu tunakumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa zilipoadimika, huko bara watu walipika gwanji, na waliokosa hata hiyo wakafua kwa majani ya mpapai. Sabuni ya mkono ilikuwa alama ya dhiki, na aliyepata ya kiwandani aliificha sandukuni pamoja na nguo za Idi. Hapakuwa na aliyeiita anasa.

Msinielewe vibaya. Sisi watu wa pwani si maadui wa anasa ya mwili. Tuna udi, asumini na vikuba, na Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utenzi wake mnamo 1858, hakuona haya kuutaja unadhifu na manukato. Wala simwonei gere mwenye duka: ana kodi ya pango, ana kodi ya serikali, ana mali isiyonunuliwa ikapauka dirishani. Sabuni na iuzwe elfu kumi na tano. Iuzwe hata ishirini. Wiki sita za kusubiri zina thamani yake, na mkono uliokonda kwa kostiki una thamani yake. Nipingalo ni kumtoza mgeni bei ya mkono, kisha mkono wenyewe ukalipwa bei ya mnadani, na pengo lililopo kati likazibwa kwa uongo uliotungwa vizuri. Wataniambia kizuri chajiuza. Cha Choma hakijajiuza. Kimeuziwa hadithi ambayo wenyewe wakiisikia watacheka.

Niliporudi niliifasiri ile karatasi hivi: sabuni ya mawese, nta na asali, imepikwa na akina mama wa Choma, Igunga. Aliyenituma akasema haina mvuto. Akatafuta mfasiri mwingine, na ujira sikuuona.

Lakini kule Choma, siku ya kuondoka, mama aliye mtunza fedha wa kikundi aliniuliza, "Baba, huko kwenu Unguja hiki kipande wanakiuzaje?" Wao walikuwa wakikitoa kwa shilingi elfu moja na mia tano. Nilisita, nikahofia kuleta fitina. Kisha nikamtajia. Hakucheka kama nilivyotazamia, wala hakukasirika. Alilifungua daftari lake, akaandika ile elfu kumi na tano, akaitazama kitambo, akawaita wenzake. Wakasemezana kwa Kinyamwezi, nisiambulie neno. Aliporudi aliniambia kuwa tangu siku ile bei ni elfu nne, kwa mtu wa karibu na wa mbali.

Nikanunua vipande vinne, kwa bei mpya.