Mali Ikishauzwa Hairudishwi? Napinga!

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nafikiri hawakupata kupita sokoni hapa Kariobangi saa kumi na moja jioni, wakati kizuri na kibaya vyote vinapigiwa kelele kwa sauti moja, nawe umeshika shilingi zako hujui uchukue kipi.

Wasomaji wenzangu, muhula wa kwanza mama alinipa shilingi 1,200 ninunue viatu vya shule. Nilivinunua katika duka moja hapa mtaani, sitalitaja. Siku ya tisa mvua ikanyesha, na mimi huja shuleni kwa miguu. Nilipofika langoni kiatu cha kulia kilikuwa kimefungua mdomo kama mamba. (Walionicheka wanajijua.) Kumbe soli haikushonwa hata uzi mmoja, ilikuwa gundi tu juu ya karatasi ngumu!

Nilirudi dukani na risiti yangu. Mwenye duka hakukitazama kiatu. Alinyosha kidole ukutani, kwenye ile karatasi ambayo sote twaijua: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Kijana, si umesoma? Si unaona hapo?"

Nikasema, "Ndiyo, mzee," nikaenda zangu. Ninachojilaumu hadi leo ni kwamba niliamini karatasi iliyobandikwa ukutani ni sheria.

Si sheria. Mwalimu wetu wa Masomo ya Biashara alinipa Katiba ya mwaka 2010 nisome Kifungu cha 46. Mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Tena iko Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Kwa sheria hiyo muuzaji huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba mali yake ni ya kiwango cha kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Akiandika masharti ya kuifuta ahadi hiyo, masharti hayo ni bure. Chama chetu cha Kiswahili kingefanya jambo la maana kama kingeyaandika maneno hayo kwa lugha nyepesi, watu wayabandike ukutani pia! Lakini tusidanganyane. Kama ningerudisha viatu kwa sababu tu vimenichosha, mzee yule angekuwa na haki ya kunifukuza.

Wengine watasema, haya, nenda kortini. Iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, kesi inatakiwa iishe kwa siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Ni jambo jema. Lakini nani atafunga kibanda chake siku mbili tatu na kulipa matatu kwenda mjini na kurudi kwa ajili ya kiatu? Kwa maoni yangu korti ya mtu wa Kariobangi iko pale pale kwenye kaunta, na shahidi wake ni risiti. Ndiyo maana nilirudi mara ya pili, na kifungu kile nimekinakili kwenye karatasi. Mzee alisoma polepole, akakuna kichwa, akasema hata yeye aliuziwa hivyo hivyo na wa jumla. Pesa hakunirudishia. Alimwita fundi wa viatu aketiye nje ya duka, vikashonwa vyote viwili, akalipa yeye. Niliridhika nusu.

Sasa nifike pagumu. Jioni hiyo nilimsimulia mama kwa majivuno, tukiwa kibandani kwake, ambako huuza maharagwe na mahindi kwa gorogoro. Nilipolishika kopo kumpimia mteja, vidole vyangu vilihisi kitu: chini limebonyezwa kuingia ndani. Nimelitumia miaka mingi, sijawahi kuuliza. Na Kifungu cha 46 hakibagui, kinamhusu mtu binafsi auzaye kama kinavyoihusu serikali.

"Mama, na hii?"

"Mwanangu, mstari huu wote wamebonyeza. Nikiacha mimi peke yangu, utakula nini?"

Sikuwa na jibu, na hata ninapoandika haya sina jibu zuri. Viatu vyangu vilinunuliwa kwa maharagwe yaliyopungua katika makopo ya watu, nami ndiye niliyekuwa nikimhubiria mwenye duka.

Mama alininunia siku mbili. Siku ya tatu nilikuta amelinyosha kopo kwa nyundo, na bei ya maharagwe ameipandisha kwa shilingi kumi. Wateja wawili walihamia kwa jirani siku hiyo hiyo. Mmoja alirudi Jumamosi, akachungulia ndani ya kopo kabla ya kupimiwa, kisha akaomba gorogoro la pili.