Hazina ya Wote na Hoja za Maandishi

Wako watu wadhanio ya kuwa mabishano juu ya fedha ya wote ni dalili ya umoja kufa. Sisi hatuoni hivyo, na twawaomba wasomaji wetu wayatazame mambo ya Marekani ilipokuwa ingali taifa changa.

Mwaka 1791 Bwana Alexander Hamilton, Waziri wa Hazina, alitaka iundwe benki ya taifa yenye mtaji wa dola 10,000,000, na Serikali iwe na sehemu moja katika tano. Benki hiyo ingeikopesha Serikali na kutunza fedha yake, na noti zake zingepokewa katika kulipa kodi. Bwana Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, na Bwana James Madison, mjumbe wa Baraza, walipinga wakisema ya kuwa Katiba haikutoa ruhusa hiyo. Rais George Washington hakumnyamazisha mtu. Aliwataka mawaziri wake waandike hoja zao, akazisoma, ndipo tarehe 25 Februari akatia sahihi. Lakini hati ya benki ilipewa miaka 20 tu.

Muda huo ulipokwisha mwaka 1811, kura za Baraza la Seneti zilikuwa 17 kwa 17. Makamu wa Rais, Bwana George Clinton, akaikataa benki, ikafungwa. Mwaka uliofuata vita na Uingereza vikaanza, na Serikali ikataabika kupata mikopo. Basi mwaka 1816 Madison yule yule, naye sasa ni Rais, akatia sahihi hati ya benki ya pili, tena kwa miaka 20. Mwaka 1832 Rais Andrew Jackson alikataa kuiongezea muda, akaleta sababu zake kwa maandishi. Na hati ikaisha mwaka 1836.

Hatusemi nani alikuwa na haki. Twasema ya kuwa hoja ziliandikwa, na aliyeshindwa alijua siku ya kuleta neno lake tena.

Sisi makarani twaandika kila siku maneno ya wengine; yatupasa kuandika na yetu. Mwanachama mwenye shaka juu ya hazina asinong'one vibarazani, bali alete hoja yake mkutanoni kwa maandishi. Na watunza hazina wapewe kazi kwa muda uliotajwa, nao ukiisha watoe hesabu mbele ya wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.