Hakuna kitu kiitwacho "antena ya dijitali"

Wadau, leo nina hasira. Nimepiga kambi Kuruwitu, gari liko chini ya minazi, na jirani yangu mvuvi amenionyesha "antena ya dijitali" aliyouziwa kwa pesa za samaki wa wiki nzima. Bado king'amuzi kinamwambia hakuna mawimbi.

Nasema wazi: huo ni wizi. Antena ni chuma tu, haijui analojia wala dijitali. Matangazo ya DVB-T2 yanapita kwenye UHF, na ile antena yake ya zamani ya UHF, aliyoitupa nyuma ya nyumba, inayapokea vizuri. Kilichobadilika mwaka 2015, analojia ilipozimwa, ni king'amuzi na tabia ya picha. Zamani mawimbi yakipungua ulitazama chenga. Sasa picha inagandaganda, kisha inapotea kabisa.

Na busta je? Inakuza mawimbi pamoja na makelele. Antena isiposhika kitu, unakuza upuuzi.

Mimi mwenyewe niliweka yangu ndani ya gari. Ujinga! Bodi ya chuma huzuia mawimbi. Nikaifunga kwenye mlingoti wa mita 6, mbali na makuti, nikaielekeza zilikoelekea za majirani, nikakata ncha ya waya iliyoliwa na chumvi. Picha ikatulia. Kisha tukaiokota ile kuukuu ya mvuvi, tukaipandisha vivyo hivyo. Ikashika.

Urefu, mwelekeo, waya safi. Hivyo havibandikwi stika ya "dijitali", ndiyo maana dukani hawakuambii.