Kabla ya kununua kipanya
Mteja wa Musoma au Bunda akilalamika dukani kwamba mshale wa laptopu yake unarukaruka, jibu la haraka ni kuuziwa kipanya. Mimi nasema afungue kwanza Mipangilio. Kwenye Windows 11, sehemu ya Bluetooth na vifaa, tachipedi ina ngazi 4 za wepesi wa kuhisi mguso; ukiishusha, kiganja kinachoegemea wakati unaandika hakitakurushia tena maneno kwenye aya nyingine. Hapohapo utachagua ukurasa ufuate vidole au uende kinyume chake, mwelekeo ambao Apple iliugeuza kwenye kompyuta zake mwaka 2011 na kuwakanganya wengi. Vidole 3 vikipanda, madirisha yote yaliyo wazi yanajipanga mbele yako. Vikishuka, yanajificha yote. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia pale Butiama, mwenye jedwali la data, rejea na ripoti kwa wakati mmoja, atahama kutoka kazi moja hadi nyingine bila kutafuta kitufe. Na kama mshale unacheza pale tu chaja inapochomekwa, usilaumu vidole wala mipangilio: tachipedi hupima mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi, na soketi isiyo na ethi inaweza kuvuruga kipimo hicho. Ukichomoa chaja mshale ukatulia, mtafute fundi umeme. Hela ya kipanya itasaidia kumlipa.