Joseph Lambert Meyer na Meli ya Liemba

Joseph Lambert Meyer, ambaye kuanzia miaka ya 1870 aliigeuza karakana ya familia yake mjini Papenburg, Ujerumani, kutoka ujenzi wa vyombo vya mbao hadi meli za chuma zinazoendeshwa kwa mvuke, hawezi kupimwa kwa haki bila kuitazama Kigoma. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa katika karakana hiyo mwaka 1913, ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikafikishwa Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Anton Rüter na Wajerumani wenzake wawili waliiunganisha upya wakisaidiwa na vibarua wa Kiafrika, ambao historia imewanyima majina isivyo haki.

Meli hiyo ilishushwa majini mwaka 1915 kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikiwa na jina la gavana wa Kijerumani ambaye utawala wake ulizima Vita vya Maji Maji kwa kuteketeza vyakula, na hivyo kuwaletea watu wa kusini njaa ya kutisha. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha, baada ya kuipaka mitambo yake grisi nzito ili isishike kutu. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ustadi wa Papenburg ulipata uhalali wake baadaye, hasa mwezi Mei 2015, Liemba ilipowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji ambacho wakati huo hakikuwa na barabara ya magari, hadi Kigoma.