Kipenzi cha Afisi na Sikio la Mkubwa

Mabwana na mabibi, wanachama wenzetu, na makarani wote mtakaozifikia kurasa hizi,

Twaleta mbele yenu jambo ambalo kila afisi yalijua, lakini hapana anayeliandika. Ni jambo la mfanyakazi aliye mchungu kwa wenziwe na mtamu kwa mkubwa wake. Hafanyi kazi yake ipasavyo, hashauriki, huwakemea walio sawa naye kana kwamba amewaajiri yeye. Na akishtakiwa, mlango wa mkubwa humfungukia yeye na kutufungia sisi. Sisi tulioko huku Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, tumeona ya kuwa kimya kimezidi. Twataka kusema, tena kwa uwazi, bila ya matusi.

Katika afisi moja, ambayo hatuitaji, mwenzetu mmoja alikuwa akitunga taarifa ya kila mwezi kwa muda wa miaka 3. Alikusanya hesabu, akazipiga chapa, akazisahihisha usiku nyumbani kwake. Kipenzi akazipeleka juu, na jina lake ndilo lililokuwa chini ya ukurasa. Mafunzo yalipotokea, alikwenda kipenzi. Posho ilipotokea, alipewa kipenzi. Lakini siku hesabu za robo mwaka zilipoonekana hazilingani, ndipo ilipokumbukwa ni nani azitungaye: barua ya kujieleza ikamfikia mwenzetu kabla ya saa nne asubuhi. Sifa zilikuwa na mwenyewe mmoja, na lawama ikawa na mwenyewe mwingine.

Wala hatukuumia sisi peke yetu. Muhuri wa afisi ile ulikuwa ukifungiwa katika mtoto wa meza ya kipenzi, na ufunguo u mfukoni mwake. Akienda mjini, muhuri nao umekwenda mjini. Mvuvi aliyeacha chombo chake pwani akaja kutafuta karatasi huambiwa arudi kesho. Na kesho ikifika huambiwa vile vile. Mvuvi yule hajui habari za mapenzi ya afisi. Ajualo ni kuwa bamvua limepita, naye yungali ameketi benchini.

Wako watuambiao, “Subirini, mvumilivu hula mbivu.” Twaiheshimu subira, nayo ni pambo la mtu. Lakini subira ni ya kungojea embe liive. Si ya kumtazama mtu akiukata mwembe. Atakayenyamaza miaka 10 chini ya dhuluma atamaliza kazi yake na uchungu moyoni, na karani kijana aliyekuwa akimtazama atakuwa amekwisha jifunza ya kwamba kazi njema haina faida. Hasara hiyo ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

Wako wengine wasemao dawa ya moto ni moto. Hukusanyika barazani jioni wakamsengenya kipenzi mpaka kahawa ikaisha. Asubuhi wakikutana naye humwita bwana mdogo na kumchekea kwa meno yote. Wengine huandika barua zisizo na jina. Wengine hulichukua jina lake kwa mganga. Na wengine, ambao kwetu ndio wabaya kuliko wote, huona njia ya mkato ni kumvika mkubwa kilemba cha ukoka kilicho kirefu kuliko kile alichovikwa na kipenzi. Mabwana, vitendo hivi havimwondoi kipenzi, humbadilisha tu. Kiti hubaki pale pale, na atakayekikalia kesho aweza kuwa ni yule yule aliyelia jana.

Basi twasema wazi: ugonjwa si kipenzi, ugonjwa ni sikio. Mtu hawezi kujipendelea mwenyewe. Lazima yuko ampendeleaye. Mkubwa mwenye kusikia kwa sikio moja huletewa habari moja, nayo huwa ni njema siku zote, mpaka siku ya ukaguzi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mkubwa akisifiwa kila asubuhi na mtu mmoja, huacha hata kulionja tembo lake. Wavuvi wetu hawakusoma vyuo vya uongozi, lakini jambo hili walijua. Nahodha aweza kumpenda baharia mmoja kuliko wengine, akamketisha karibu na usukani. Lakini chombo kikivuja, baharia yule naye hushika kata akafua maji, kwani bahari haiulizi ni nani mpenzi wa nahodha.

Wazee wa hapa wana hekaya ya Mfalme Kizi na mwashi wake Kazi, ambao yasemekana ndio waliolipa jina Kizimkazi. Husimuliwa ya kwamba Kazi alipokwisha kumjengea bwana wake, Kizi alimkata mkono ili asipate kumjengea mwingine jengo la mfano ule. Hekaya ni hekaya, wala hatuitoi kama tarikh. Bali msikiti wa Dimbani ni jambo la kweli: maandishi yake ya Kikufi, ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yamtaja aliyeamrisha ujengwe, Sheikh Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad. Waliokata matumbawe na kuyabeba hatuyajui majina yao. Ndiyo desturi ya dunia tangu kale kuandika jina la aliyeamrisha, nasi hatuombi lifutwe. Tuombalo ni kuwa mkono uliofanya kazi usikatwe, wala kazi yake isiandikiwe jina la mkono mwingine.

Tena dhuluma hii si mpya. Siku za ukoloni upendeleo ulikuwa ndio utaratibu wenyewe: mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi za watu. Mwaka 1922 Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni hapa Unguja, aliyekuwa karani wa Serikali huko Tanga, alianzisha pamoja na wenziwe chama cha watumishi wa Serikali Waafrika wa Tanganyika. Walikutana makarani na walimu, Waislamu na Wakristo, kwa kuwa walitambua ya kwamba karani mmoja akilalamika huitwa mkorofi, na makarani wengi wakisema kwa adabu na kwa hoja huitwa chama. Leo utaratibu wa rangi umekwisha. Kwa hiyo upendeleo wa leo hauna hata sheria ya kujificha nyuma yake. Zanzibar ina Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 2 ya mwaka 2011. Tuisome, tuikumbuke, na tuitaje.

Na mkubwa amdharauye karani wake na akumbuke ya kuwa Kizimkazi hii ndiko alikozaliwa mwaka 1960 Samia Suluhu Hassan, aliyeanza kazi ya Serikali kwa ukarani mwaka 1977, akaapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka 2021. Hatusemi haya kumvika mtu kilemba, maana vilemba tumekwisha vikataa hapo juu. Twasema kwa sababu hapana ajuaye ni mikono ipi katika afisi yake itakayobeba mzigo mkubwa kesho.

Basi yatupasa nini sisi tulio chini?

Kwanza, tuwe waadilifu. Si kila asifiwaye ni kipenzi. Ikiwa mwenzetu awahi kazini, hesabu zake ni sawa, na watu waondoka mezani kwake wameridhika, basi sifa zile ni haki yake, na manung’uniko yetu ni wivu. Tujipime kabla ya kumpima.

Pili, tuandike. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; na kazi ni mali. Utungapo taarifa, tia jina lako na tarehe katika nakala ya faili. Upewapo agizo la mdomo, lirudishe kwa dokezo la mstari mmoja: “Kama ulivyoniagiza leo, nimefanya hivi.” Barua ya kujieleza ikija, daftari litajibu kabla yako.

Tatu, tumwendee mwenyewe uso kwa uso, kabla ya kumwendea mkubwa. Wengine hawajui ukali wao mpaka waambiwe, na kumwambia mtu faraghani ni heshima.

Nne, tukimwendea mkubwa, tusiende na tabia za mtu, twende na kazi. Ukisema, “Fulani ni mbaya,” utaulizwa una ugomvi gani naye. Ukisema, “Muhuri haukuwapo siku 6, na watu hawa wamerudishwa,” hapo hapana la kuuliza ila muhuri ulikuwa wapi. Twende wawili au watatu, tutie sahihi zetu sote. Tusiposikilizwa, barua ipande ngazi kwa utaratibu, na chama kipate nakala.

Kwa wakubwa nao twaomba mambo matatu, wala si makubwa. Muhuri uwe na washika ufunguo wawili na daftari lake. Nafasi za mafunzo zibandikwe ubaoni zionekane na wote, pamoja na sababu ya kuchaguliwa aliyechaguliwa. Na kila taarifa imtaje aliyeitunga na aliyeipitisha, ili sifa na lawama zikae katika nyumba moja. Mambo haya hayahitaji fedha wala kikao cha mjini. Mkubwa asiyekuwa na kipenzi hayatampunguzia kitu. Na aliye naye, yatampunguzia kile tu ambacho hakikuwa haki yake kukitoa.

Mtatuuliza, je, hamwogopi? Twaogopa, kwa kuwa tuna watoto na kodi za nyumba. Lakini karani aogopaye peke yake huandika barua isiyo na jina, na makarani waogopao pamoja huandika barua yenye majina yao yote. Twawaomba kila tawi liuweke mkutano wake ujao kwa jambo hili, na kila mwanachama aje na daftari lake.

Wasalaam,
Ni sisi wenzenu wa Kizimkazi.