Barua ya wazi kuhusu dawa na vifaa vya hospitali zetu

Kwa wenye dhamana ya afya katika kaunti yetu,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kinna, Kaunti ya Isiolo, tena hadharani, kwa kuwa jambo lenyewe ni la umma. Siombi hospitali mpya. Naomba vile vilivyokwisha kununuliwa kwa fedha zetu vihesabiwe, vitunzwe na vimfikie mgonjwa.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti vituo vya afya, maduka ya dawa ya vituo hivyo na magari ya wagonjwa. Kwa hiyo dawa ikikosekana huku, swali haliendi Nairobi kwanza. Linakuja kwenu.

La kwanza ni ghala. Mgonjwa huambiwa dawa hakuna, akanunue nje, naye huchukua karatasi yake akaondoka. Linaloniudhi ni kwamba hapati wa kumweleza dawa iliisha lini, iliagizwa lini, wala mzigo mwingine unatarajiwa lini. Huenda wakati huohuo kituo kingine katika kaunti hii kina maboksi ya dawa ileile yanayongoja kupitwa na muda. Sokoni kwetu mwenye duka la dawa za mifugo anajua bila kompyuta ni chupa ngapi za dawa ya minyoo zimebaki, na mvua ikikaribia huagiza mapema. Ghala la umma lenye kadi za hesabu na mtu anayelipwa mshahara kulisimamia halina sababu ya kushindwa na duka hilo. Dawa inayokaribia kupitwa na muda itoke kwanza. Inayozidi Kinna ipelekwe Garba Tula au Sericho, na ya kule ije huku. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye ndiye ataulizwa.

Najua jibu lililo karibu: KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya kusambaza dawa, inachelewesha. Nayo KEMSA imelalamika mara nyingi kwamba kaunti hazilipi madeni. Ugomvi huo umalizeni ninyi kwa ninyi. Ila agizo lililoandikwa kwa kukisia, bila hesabu ya matumizi ya miezi iliyopita, litakuwa na kasoro hata mzigo ukifika siku hiyohiyo.

La pili ni ubaridi, nami naliona zito kuliko yote. Oksitosini, sindano anayodungwa mama baada ya kujifungua ili asipoteze damu nyingi, hutakiwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo nyingi ni vivyo hivyo. Joto la Kinna mnalijua. Umeme ukikatika na jokofu lisikaguliwe, dawa inaweza kupungua nguvu bila kubadilika rangi. Itaendelea kuhesabiwa kuwa ipo, na mkunga ataugundua udhaifu wake usiku, damu ikiwa tayari inatoka. Halijoto ya kila jokofu iandikwe asubuhi na jioni, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na afisa wenu alisome daftari hilo kila anapozuru. Daftari lisilosomwa na mkubwa hujazwa siku moja kwa mwezi mzima.

La tatu ni mashine. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza kukodi vifaa vya hospitali 98 nchini, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo, chini ya seneta wa Isiolo, Fatuma Dullo, ilitoa ripoti mwaka 2020. Baadhi ya vifaa vilikutwa vimekaa tu: kwingine hapakuwa na umeme wa kutosha, kwingine maji, kwingine mtaalamu wa kuviendesha. Onyo hilo limetoka kwa mtu wa nyumbani, basi hatuwezi kujifanya hatukulisikia. Kabla kifaa hakijanunuliwa, ijulikane kitachomekwa wapi, nani atakiendesha, fundi atatoka wapi na vipuri vitalipiwa na fungu gani. Tangu 2023 sheria inaviruhusu vituo vya umma kubaki na fedha vinazokusanya, hivyo fyuzi au mpira wa mtungi wa oksijeni haupaswi kungoja sahihi ya makao makuu. Kifaa kinapolala, mwenye uwezo hukodi gari hadi Maua, kaunti ya jirani. Asiye nao hubaki.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba, kinachompa raia haki ya kupata habari, naomba mambo matatu yabandikwe ukutani katika kila kituo kila mwezi: dawa muhimu zilizopo na zilizokwisha, tarehe ya mzigo unaofuata, na vifaa vibovu pamoja na siku ambayo fundi atafika. Orodha ya kwanza tungependa kuiona kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Kama kuna lisilowezekana katika haya, tuelezeni kwa maandishi ni lipi na kwa nini.

Wenu,
Mkazi wa Kinna